Habari Zilizoandikwa Siku Moja Kabla

Faith na Kevo, nyinyi mlioachiwa meza yangu, mliniomba niwaandikie jinsi kazi ya habari na matukio ya kitivo cha sheria inavyofanywa. Maelezo rasmi yako kwenye droo ya chini, kurasa mbili, na hakuna aliyewahi kuyasoma, hata mimi niliyeyaandika. Haya ni mengine. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini, maana hadithi hiyo ingeisha kabla hamjaketi vizuri.

Nilianza nikiwa mpiga taipu. Siku ya kwanza nilitoka Kianda, ndani ya Kibera, alfajiri nikiwa na viatu vya matope miguuni na viatu vya kazini kwenye mfuko wa plastiki, kama kila mtu wa Kibera aliyekuwa na kazi ya ofisini. Nilibadilisha nyuma ya ukuta wa chuo. Vya kazini vilikuwa vya dada yangu na vilinizidi namba moja, kwa hivyo nikaingia katika taaluma ya sheria nikiburuta miguu. Tangazo la kwanza nililopewa kupiga taipu lilisema somo la haki za wafanyakazi halitakuwepo siku hiyo kwa sababu mwalimu yuko kwenye mgomo. Nilidhani wananitania. Nikaja kujua kwamba kitivo hicho hakina utani, kina ratiba tu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Shiundu. Yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa ubao wa matangazo, ule wa mbao wenye kioo uliokuwa nje ya ofisi ya mkuu wa kitivo. Alikuwa na koti la kaki na penseli nyuma ya sikio, na alikuwa pale kabla ya walimu wote. Maprofesa walikuja na kuondoka, naye akabandika matangazo ya kuwakaribisha na ya kuwaaga kwa uso ule ule.

"Florence," aliniambia wiki ya kwanza, "mtu anasoma tangazo akiwa amechelewa. Anataka siku, saa na mahali. Hiyo ingine yote ni mapambo."

Alinifundisha pia nisiandike "Ijumaa" bila tarehe, kwa sababu kila mwanafunzi ana Ijumaa yake. Nisiandike "ukumbi wa kawaida", kwa sababu mgeni hana ukumbi wa kawaida. Na profesa akisema watakuja watu mia tatu, nipange viti sitini, kisha mpiga picha achuchumae mbele kabisa ili vichwa vya safu ya kwanza vizibe mapengo ya nyuma. Hilo la kuchuchumaa mlishike, maana kamera zimebadilika lakini watu bado hawaji.

Jambo jingine alilonifundisha ndilo linalonifanya niandike haya. Zamani zile jarida letu dogo la habari lilichapwa kwa stensili, kwenye mashine iliyokuwa na tabia mbaya kuliko wahadhiri. Kuikorogea wino na kuizungusha kulichukua nusu siku. Kukiwa na sherehe Ijumaa, ikifika jioni kila mtu ameshaondoka, na aliyeondoka wa kwanza ndiye mwenye ufunguo wa chumba cha mashine. Habari ingengoja mpaka Jumatatu, na mkuu wa kitivo hakupenda habari zilizochacha.

Alhamisi moja Mzee Shiundu akaniuliza, "Wewe umeenda harusi ngapi?"

"Nyingi."

"Kuna moja ilikuwa tofauti?"

Nikafikiri, nikasema hapana.

"Basi hii ya kesho andika leo."

Nikaiandika. Hafla ilifana. Mgeni rasmi aliwahimiza wanafunzi watie bidii. Wazazi walifurahi. Wageni walipata viburudisho. Siku iliyofuata nikakaa nyuma ya ukumbi nikitazama yale niliyoyaandika yakitokea moja baada ya jingine, mpaka viburudisho, na nilijiona nabii. Tangu hapo niliandika habari zote za kitivo siku moja kabla. Mahafali, mihadhara ya wazi, mashindano ya kesi za kuigiza, uzinduzi wa vitabu ambavyo bado havikuwa vimechapwa. Nilibadilisha majina tu. Mashine ya stensili ikatupwa, zikaja kompyuta, ikaja tovuti ambapo habari inatundikwa kwa dakika mbili, na sababu yote ya kuandika mapema ikaisha. Desturi ikabaki, tena ikapendwa zaidi, kwa sababu kila mkuu mpya wa kitivo alitaka habari iwe hewani kabla mgeni rasmi hajafika nyumbani kwake.

Mzee Shiundu alistaafu, akarudi kwao Butere, na ufunguo wa ubao nikabaki nao mimi. Kwa muda mrefu mambo yalikwenda sawa, au yalikwenda vibaya kwa namna isiyoumiza mtu. Mara moja wakili mmoja mkubwa alialikwa kutoa mhadhara, akashikwa na malaria, hakuja. Nilisahau kuitoa habari. Jumatatu akapiga simu mwenyewe, sauti ya mgonjwa, akasema amefurahi sana kusoma kwamba alizungumza vizuri, na kama tunaweza kumtumia nakala ya aliyoyasema. Tulicheka wiki nzima. Siku hizi nikikumbuka kicheko kile nafikiri kwamba mtu mwenye akili angeacha pale pale.

Basi, akaja mkuu wa kitivo huyu mnayemjua, tunayemwita Dean. Sina ubaya naye. Ni mtu mwenye nguvu, anatembea kama amechelewa kupigwa picha. Yeye ndiye aliyeleta kliniki ya msaada wa sheria mitaani: walimu na wanafunzi wanashuka mtaani na meza na mwavuli, wananchi wanaleta shida zao, wanashauriwa bure. Ni jambo zuri, nasema bila kejeli, na walioifanya kwa moyo nawajua. Ila kliniki ilikuwa na kalenda, na kalenda ilikuwa na mgeni rasmi. Zamu zilipangwa kati ya Kibera na Kawangware kama za mzee mwenye wake wawili, na kila mtaa ulilalamika kwamba mwenzake anapendwa zaidi.

Mimi wakati huo nilikuwa nimehama Kianda nikaenda mtaa wa Olympic. Ni mwendo wa dakika kumi kwa miguu, lakini kule Kianda walinisema kana kwamba nimehamia Ulaya. Aliyeendelea kunisalimia bila kunikumbusha Ulaya alikuwa Pamela, fundi wa nguo, jirani yangu wa zamani wa mlango kwa mlango. Alimshonea binti yangu Vivian yunifomu tangu chekechea mpaka kidato cha nne. Chumba chake kilikuwa nyumba na karakana: kitanda nyuma ya pazia, cherehani mbili mbele, na mlango unaotazama njia ya wanafunzi, kwa hivyo kila mzazi aliujua. Alikuwa hapo miaka mingi, na kodi hajawahi kuchelewesha. Chumba hicho kikimtoka, angetafuta kingine, ndiyo, lakini wateja wasingekuja nacho.

Siku moja nilipita kuchukua sketi, nikamkuta amekaa tu, mashine imenyamaza.

"Mama Vivian," akasema, "si nyinyi huko kwenu mnasomesha malawyer?"

"Tunasomesha."

"Niitie mmoja. Hata akiwa wa first year. Huyu landlord anataka kujenga ghorofa, ati nitoke hapa wiki mbili. Hakuna barua, hakuna notisi. Ametuma tu caretaker na mdomo. Na mimi niko na yunifomu za shule mzima."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Ijumaa kliniki yetu ilikuwa inakuja Kianda, kwenye ukumbi wa kanisa, karibu na hapo. Aje mapema na karatasi zake zote. Nitamwekea nafasi ya kwanza. Aliniombea baraka, na mimi nikapokea kama mtu aliyefanya kitu.

Alhamisi Dean akaniita. "Flo, safari hii nataka human story," akasema. "Mtu mwenye jina. Hii 'wakazi walifaidika' imechosha, hata mimi siisomi."

Nilikuwa na mtu mwenye jina. Nikamwendea mwalimu wa kliniki, Daktari Wambua, nikamuuliza kesi kama ya Pamela huwa inaishaje. Alikuwa anasahihisha mitihani, hata hakuinua kichwa. "Hizo? Nyingi huisha kwa makubaliano," akasema. "Mpangaji anapewa mwezi, anahama, wanasalimiana." Hakujua ninauliza kwa nini. Nikarudi mezani nikaandika, na naweka hapa maneno yenyewe ili msije mkadhani napunguza:

"Miongoni mwa walionufaika ni Bi. Pamela, fundi wa nguo katika mtaa wa Kianda. Baada ya kupata ushauri wa wataalamu wetu, yeye na mwenye nyumba walikubaliana kwa amani kwamba atahama ifikapo mwisho wa mwezi. Wawili hao walipeana mikono huku wakazi wakishangilia."

Ile ya kupeana mikono niliipenda hasa. Nikaipanga habari ijitundike yenyewe kwenye tovuti Ijumaa saa sita mchana, nikaenda nyumbani nimeridhika.

Ijumaa ikaamka na mvua. Saa mbili asubuhi ikapigwa simu: dereva wa mgeni rasmi amesema gari halishuki njia ya Kianda. Kawangware kulikuwa na ukumbi wenye maegesho ya lami. Dean akahamisha kliniki kwa sentensi moja. Mimi nikaambiwa nichukue bango, nikalichukua, nikaenda. Nani alikwenda kuwaambia watu wa Kianda? Mimi nilidhani ni watu wa kliniki, kwa sababu ni kliniki yao. Watu wa kliniki walidhani ni mimi, kwa sababu matangazo ni yangu. Walikuwa sahihi.

Kawangware nako hakuna aliyejua tunakuja. Ukumbini tulikuta kwaya ya kina mama wakifanya mazoezi. Wakaombwa wakae, wakakaa kwa heshima, na mgeni rasmi akawahutubia kwa saa nzima kuhusu haki za ardhi. Mwishoni wakamwimbia. Alisema ameguswa na kiu ya sheria aliyoiona katika mtaa ule. Mpiga picha alichuchumaa.

Jioni nikiwa nyumbani nikaiona habari kwenye simu. Imejitundika saa sita kamili, kila neno mahali pake, Kianda, mikono, vigelegele. Ningeweza kuitoa. Nilikuwa nimechoka, miguu imelowa, nikajiambia: nani husoma? Kwa miaka yote hiyo ya kazi nilikuwa nimejipa moyo kwa swali hilo, na jibu lilikuwa hakuna.

Safari hii alisoma mwenye nyumba. Kuna kundi la wenye ploti, hizo nyumba za kupangisha, kwenye WhatsApp, na mmoja wao aliitupa humo. Jumatatu yule caretaker, mtunza nyumba wake, akasimama mlangoni pa Pamela na karatasi iliyochapwa kwa rangi.

"Mathe, si ulikubali?" akamwambia. "Iko kwa net. University ndio imeandika, si sisi."

Pamela alimwambia hajakubali lolote. Jumatano wakaja watu wawili na nyundo wakang'oa mlango. Mliokulia mtaani mnajua maana yake. Mtu hakwambii toka, anakuondolea tu kitu kinachofanya chumba kiwe chako, na wewe unakaa na kutazama cherehani zako na njia ya watu.

Alhamisi asubuhi Pamela akaja ofisini kwangu. Alikuwa ameacha dada yake akilinda chumba. Hakunisalimia. Akaiweka ile karatasi juu ya kibodi.

"Mimi nilikubali lini?"

Nikaitazama nembo ya chuo juu ya karatasi.

"Na huyu mzee nilimpatia mkono lini? Huyu mzee hajawahi kunisalimia hata Krismasi."

"Pamela, keti kwanza."

"Siketi. Sisi tulingoja kwa church tangu saa mbili. Hamkukuja. Sasa hii maneno ilitoka wapi?"

Nikamwambia. Nikamwambia kwamba niliiandika siku moja kabla, kwamba ndivyo tunavyofanya, kwamba sikukusudia mabaya. Nilipokuwa nikieleza nilijisikia mpumbavu zaidi kwa kila sentensi, kwa sababu kitu ambacho ofisini kilikuwa desturi, kikisemwa mbele ya mtu asiye na mlango kilikuwa uongo mtupu. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo wewe ndio ulinihamisha," akasema. Akachukua karatasi yake akaondoka.

Niliona aibu siku hiyo, aibu ya kweli. Niliitoa habari kwenye tovuti, kazi ya sekunde tano. Kisha nikamwendea Daktari Wambua nikamweleza yote, pamoja na jibu lake la kwenye mitihani. Akafunika kalamu, akasema, "Twende Kianda." Huyo ndiye mwalimu wa sheria ninayemhesabu. Ndani ya siku chache alikuwa amefungua kesi mbele ya baraza la migogoro ya nyumba na kupata siku ya karibu. Lakini wakili wa mwenye nyumba aliiweka karatasi yangu mbele kabisa kama ushahidi wa makubaliano. Ilikuwa na nembo ya chuo, na hakuna kitu kinachoaminika kama nembo. Kama Pamela alikubali kuhama, hakukuwa na kesi.

"Tunakuhitaji wewe," Daktari Wambua akaniambia. "Useme ilivyoandikwa."

Dean akasikia kabla sijamaliza kunywa chai. Akaniita, akafunga mlango.

"Flo, nenda, sawa. Lakini sema ni makosa ya uchapaji."

"Aya nzima, sir?"

"Makosa makubwa ya uchapaji."

"Na kupeana mikono?"

Akavua miwani. "Umebakisha miezi michache ustaafu. Unataka watu wakukumbuke kwa hii? Ukisema pale kwamba tunaandika kabla, nani ataamini kitu chochote tulichowahi kutundika?"

Lilikuwa swali zuri, na kwa mara ya kwanza nilimwona ameogopa kweli. Nikafungua mlango, nikarudi mezani. Usiku ule sikulala sana, si kwa ushujaa, nilikuwa natafuta namna ya kusema ukweli bila kuusema. Sikuipata. Makosa ya uchapaji yangeweza kurekebishwa kwa kubadilisha tarehe au jina, na makubaliano yangebaki pale pale.

Kesi ilisikizwa Jumatano, katika chumba kidogo chenye feni iliyozunguka kwa kusitasita. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo mwenye miwani ya kamba. Mwenye nyumba alikaa mbele amevaa suti ya harusi. Wakili wake, Wakili Mwendwa, alikuwa kijana wetu kabisa, aliyesomea kitivoni kwetu, viatu viking'aa. Nikaapa, nikasimama.

"Shahidi, habari hii uliiandika wewe?" akaniuliza.

"Ni mimi."

"Na umeandika walikubaliana, wakapeana mikono?"

"Nimeandika."

"Wananchi wakashangilia?"

"Hiyo pia."

Akalitabasamia baraza. Nikasema, "Lakini niliiandika Alhamisi, na kliniki ilikuwa ya Ijumaa. Na Ijumaa yenyewe hatukufika Kianda."

Tabasamu halikuondoka, lilisimama tu. "Kwa hivyo unataka baraza liamini kwamba kitivo cha sheria, nilikosomea mimi mwenyewe, huandika habari za mambo ambayo hayajatokea?"

"Ndiyo, wakili. Tangu ukiwa mwanafunzi. Hata ile ya mahafali yako niliiandika siku moja kabla."

"Au unasema hivi leo kwa sababu mlalamikaji ni rafiki yako?"

Hapo alinishika, na alijua. Pamela alikuwa ameketi pembeni, mikono mapajani, hanitazami. Mwenyekiti akaniuliza kama nina uthibitisho wowote. Nilikuwa nao. Nilikuwa nimeutia kwenye mkoba asubuhi bila kuwa na uhakika kama nitautoa.

"Nina habari ya Ijumaa, mheshimiwa."

"Ijumaa gani?"

"Hii inayokuja. Keshokutwa. Ni Siku ya Wazi ya kitivo. Nimeshaiandika, safari hii mapema zaidi."

Mwenyekiti akaitazama karatasi, akanirudishia. "Isome."

Nikasoma kwa sauti: "Siku ya Wazi ya Kitivo cha Sheria ilifana sana Ijumaa. Mzungumzaji mkuu, Wakili Mwendwa, aliyesomea papa hapa, aliwagusa wengi kwa hotuba yake kuhusu wajibu wa wakili kusema kweli mbele ya mahakama na mabaraza. Alishangiliwa kwa muda mrefu. Baadaye aliwapa mkono wanafunzi mmoja mmoja."

Mwenyekiti akamgeukia Mwendwa. "Wakili, ulizungumza vizuri?"

"Mheshimiwa," akasema Mwendwa, masikio yamemwiva, "hiyo hotuba bado sijaiandika."

"Lakini walishangilia."

Mtu akacheka nyuma, kisha chumba kizima. Mwenye nyumba akauliza kwa sauti, "Kwani kumeendaje?" Mwenyekiti alingoja kicheko kiishe, akaandika kitu, akasema karatasi ile si makubaliano ya mtu yeyote na mtu yeyote. Mlango urudishwe siku hiyo hiyo, na mpangaji asiguswe mpaka mwenye nyumba afuate njia inayotakiwa na kesi isikizwe yote. Iliposikizwa yote, miezi baadaye, ghorofa ilijengwa upande wa pili wa ploti, uliokuwa mtupu tangu zamani, na Pamela akabaki alipo.

Ijumaa ya Siku ya Wazi, Wakili Mwendwa alituma radhi kwamba ana udhuru. Habari yake sikuitundika. Dean hakunifokea. Aliniondolea tovuti, akanipa funguo za stoo ya viti kwa miezi iliyobaki, na mkiona viti vyote vimeandikwa namba chini kwa rangi nyeupe, huo ndio mwandiko wangu wa mwisho kitivoni, tena sahihi.

Jumamosi ya wiki ile ile nilienda Kianda. Nakiri nilienda nikitegemea kushukuriwa. Mlango ulikuwa umerudi, umepachikwa vibaya kidogo, unakwaruza sakafu. Pamela alikuwa akishona. Alinipa kiti, akanipa chai, akaendelea na kola ya shati.

"Asante ulikuja kusema," akasema. "Najua haikuwa rahisi kwako."

"Ilikuwa deni langu."

"Ndio, ilikuwa." Akakata uzi kwa meno. "Lakini unajua kitu kinaniuma bado? Ile Ijumaa tulingoja pale church mpaka saa tisa. Kulikuwa na mzee alitoka Makina na mguu mbaya. Kulikuwa na msichana amebeba mtoto na karatasi za hospitali. Tumenyeshewa. Na hakuna mahali imeandikwa tulikuwa pale. Nyinyi mmeandika ile haikuwa, ile ilikuwa mkaacha."

Nikafungua mkoba, nikatoa daftari, nikamuuliza walikuwa nani na nani. Aliniangalia kuona kama natania. Kisha akasimamisha mashine, akaanza kunitajia mmoja mmoja: jina, anakotoka, alikuja na shida gani, aliondoka saa ngapi. Asiowajua tulienda kuwauliza majirani. Ilituchukua alasiri nzima, na ilikuwa habari ya kwanza maishani mwangu niliyoiandika baada ya jambo kutokea.

Jumatatu nikampelekea Dean, ingawa tovuti haikuwa yangu tena. Aliisoma yote, akasimama kidogo kwenye mzee wa mguu, akasoma tena. Akaniambia imeandikwa vizuri, labda kuliko zote. Ila haiwezi kutundikwa hivyo, kuna kitu kimekosekana.

"Mgeni rasmi ni nani hapa, Flo?"

"Ni yule tu ambaye hakufika, sir," nikamwambia. "Wengine wote walikuwepo."